Nesi na Ziwa la Ukungu

Hakuna neno lililomkera Nesi kama "nakuja." Kwetu Mwanza mtu akiinuka kwenda zake husema nakuja, na hakuna anayeshangaa. Mwingine anasema nakuja, kumbe anakwenda kupanda basi la Musoma na hamtamwona mpaka sikukuu. Nesi hakulistahimili. Ukilisema mbele yake aliacha alichokuwa anafanya, akakukazia macho.

"Unakuja wapi na mgongo umenipa mimi? Sema unaenda."

"Naenda, Nesi."

"Haya. Nenda salama."

Nilipanga kwake Nyakato nilipopata kazi kiwanda cha magodoro. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba vilivyotazamana, uwanja katikati, bomba la maji pembeni na mpapai uliozaa mapapai madogo yasiyo na utamu. Mwenyewe alikaa chumba cha mwisho. Siku ya kwanza aliniuliza ninafanya kazi gani, nikamwambia, na tangu hapo nikawa Binti Magodoro. Sidhani kama aliwahi kutamka jina langu. Na sisi la kwake hatukulitamka. Alikuwa amestaafu, sare zake ameshazigawa, lakini mtaa mzima, muuza mkaa hadi padri, walimwita Nesi.

Jambo jingine ambalo mpangaji mgeni alilijua mapema ni kwamba Nesi aliitika bila kuitwa. Mchana kweupe yuko uwanjani anachambua dagaa, mara anainua kichwa: "Abee!" Halafu anatulia, ungo mapajani, shingo ameielekeza upande wa ukuta ambako hakuna mlango wala dirisha. Baada ya kitambo anarudi kwenye dagaa wake. Wiki ya kwanza nilidhani ni mimi nisiyesikia vizuri. Nikamuuliza fundi cherehani aliyepanga chumba cha mbele, mama mmoja mnene asiyeogopa kitu.

"Nani kamwita?"

"Wewe zoea tu," akanijibu, uzi mdomoni.

Sikuzoea. Nimekulia Sengerema, na mama yangu alitufundisha kwamba sauti usiyemwona mwenyewe huiitikii mpaka ikuite mara tatu, maana wenye nia mbaya huita mara moja. Siku moja nikajikaza nikamwambia Nesi hivyo, kwa heshima. Nilitegemea atakasirika. Akacheka.

"Mama yako ana akili. Lakini huyu hawezi kuita mara tatu. Pumzi hana."

Nikainuka nikaenda kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.

Nisije nikamfanya akaonekana mtu wa kutisha. Alikuwa mcheshi, na ulimi wake ulikuwa mkali. Kwa wagonjwa alikuwa maziwa, kwa wazima alikuwa pilipili. Mtoto wa jirani akiungua na uji, Nesi alikuwa hapo kabla mama mtu hajamaliza kupiga kelele, anaongea na yule mtoto polepole kama wanapanga safari. Lakini ukiwa mzima ukamwambia umechoka, utajuta. "Umechoka na nini? Godoro si mnalilalia hukohuko kiwandani?" Aliosha mikono mpaka ngozi ikawa kama ya samaki, halafu akala sahani moja na paka. Alitukataza dawa za vichochoroni, na yeye mwenyewe, goti likimuuma, alimwita bibi mmoja wa Buzuruga amchanje. Msibani aliweza kucheka kwa sauti, watu wakageuka, naye akaendelea kucheka. Harusini alilia.

Na alikuwa na koti. Koti zito la sufu, rangi ya majani makavu, vifungo vya pembe ya mnyama. Asubuhi za mvua alilivaa kwenda misa ya kwanza, na wale wasiomjua waliona kichekesho, mama wa Kisukuma kavaa kama anakwenda kulinda benki. Sisi tuliokaa naye tulijua lilitoka Ujerumani. Hakuna mtu mtaani ambaye hakujua kwamba Nesi alifika Ujerumani. Kilichokuwa hakijulikani ni alifuata nini.

Mimi nilikipata vipande vipande, Jumapili kwa Jumapili, tukichambua dagaa. Hakuwa mtu wa kusimulia kuanzia mwanzo. Angeanza na ng'ombe, akaacha, wiki nyingine akarudi na treni. Nimeyapanga mwenyewe kadiri nilivyoelewa.

Alifanya kazi hospitali ya misheni iliyoko ng'ambo ya ghuba, na aliyemfundisha kazi alikuwa sista wa Kijerumani, mkunga. Sista huyo alifika ziwani akiwa binti, akaishi huko maisha yake yote. Kijiji kizima alikizalisha yeye, akazalisha na watoto wa aliowazalisha. Kisukuma alikijua mpaka matusi. Nesi alisema ukimsikiliza nyuma ya pazia ungedhani ni bibi wa pale, ila alipiga chafya Kijerumani.

Kisha uzee ukamwingia kichwani. Alianza kwa kuvaa viatu viwili visivyofanana. Akawa anaamka kwenda wodini kuzalisha wanawake ambao walikwisha kuwa bibi. Akapotea njia ya kanisani, akakutwa amekaa kwenye jiwe ufukweni, ametumbukiza miguu majini, ameridhika. Shirika lake likaamua arudishwe kwao akatunzwe na ndugu. Alikuwa na mpwa mmoja tu, mtoto wa marehemu kaka yake, huko kusini kabisa mwa Ujerumani, kwenye milima ya Alpi. Asingeweza kusafiri peke yake. Wakamchagua Nesi ampeleke, akae naye mpaka azoee. Viza ilikuwa ya miezi mitatu.

"Nilidhani nampeleka nyumbani," Nesi aliniambia. "Kumbe nilikuwa namtoa."

Kwa maana Kijerumani kilikuwa kimemtoka. Hakuna aliyelitambua hilo, kwa sababu kule misheni hakuwa na wa kuongea naye tena. Waliposhuka kwenye treni, kituo kidogo chini ya mlima, yule mpwa alikuwa anawasubiri, mama wa makamo, mashavu mekundu, mikono wazi, analia na kuongea kwa mpigo. Sista akamwacha amkumbatie. Kisha akamgeukia Nesi, akamuuliza kwa Kisukuma, kwa adabu kabisa:

"Mayu, mzungu huyu anataka nini?"

Mayu ni mama. Miaka yote Sista ndiye aliyemwita Nesi mwanangu. Siku ile, mbele ya mabehewa, mambo yaligeuka.

Nesi aliigiza tukio hilo vizuri sana, na sote uwanjani tulicheka. Aliigiza na yule mpwa, jinsi alivyokuwa akimjibu shangazi yake kila kitu kwa "ya, ya," yaani ndiyo, ndiyo, bila kuelewa hata neno moja. Sista anasema miguu imekufa ganzi: ya, ya. Sista anasema kuna mwanamke amebanwa na uchungu, aitiwe machela: ya, ya, huku anamfunika blanketi. Nesi alimdharau sana mwanamke yule. Aliniambia hivyo bila kuficha. "Nilimwona mtu wa bure. Unaitikiaje usichokijua?"

Nyumba ya mpwa ilikuwa ya mbao, ina maua madirishani, na nyuma yake mlima umesimama. Nesi hakuipenda ile milima. "Mawe yetu ya Mwanza yamekaa kama wazee barazani," alisema, "unapita unayaamkia. Ile inasimama kama askari. Mizuri, kama ya kalenda. Lakini haikutazami." Ilikuwa Septemba wanaingia, na miti ilikuwa inaanza kubadilika. Kulikuwa na miti kama misonobari ambayo iligeuka njano mlima mzima, halafu ikapukutika, jambo ambalo hakuwahi kuliona kwa msonobari. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe, zinalia zikikanyagwa. Siku nyingine ulikuja upepo wa joto kutoka upande wa pili wa milima, watu wote wakaumwa vichwa na kugombana, na Sista peke yake akaimba.

"Sisi vuli ni mvua ya kupandia," alisema Nesi. "Wao vuli ni majani kuaga. Unaamka, unakuta mti uliokuwa umevaa jana leo uko uchi, na hakuna anayeshtuka."

Kitu alichokipenda ni ng'ombe. Wiki zao za mwanzo ng'ombe walishushwa kutoka malisho ya juu, walikokaa kiangazi chote. Walipita barabara kuu ya kijiji, wana kengele kubwa kama sufuria za ubwabwa, na yule wa mbele amevishwa shada la maua kichwani. Fundi cherehani alikataa katakata.

"Ng'ombe? Maua? Anaolewa?"

"Nimeona kwa macho yangu. Na nikwambie, mwaka ambao huko juu kimekufa kitu, ng'ombe au mtu, hawavishi. Wanashuka kimya, bila ua, na kijiji kinajua."

Sista alikuwa ameketi kwenye benchi mbele ya nyumba, amefunikwa miguu. Alipowaona alijaribu kusimama. Macho yalimng'aa.

"Ng'ombe wa nani hawa, mayu?"

Hapo ndipo Nesi alipoanza. Angeweza kumwambia ukweli, kwamba ni ng'ombe wa Wajerumani na hii ni nchi yake aliyozaliwa. Alimtazama uso, akaona mtu ambaye kwa mara ya kwanza tangu safari ianze hana hofu. Akamwambia, "Wa Masanja. Anahama nao kufuata maji."

"Wamenona," akasema Sista.

"Mwaka huu mvua zilikuwa nzuri."

Kuanzia siku hiyo akamgeuzia Alpi ikawa Usukuma. Kengele ya kanisa la kijiji ikawa kengele ya misheni. Moshi wa jirani ukawa wa wachoma mkaa. Baridi ikawa ya Juni. Sista akiuliza kwa nini watu wa hapa ni wazungu wote, Nesi alimjibu kwamba kuna wageni wa askofu, watakaa kidogo. Sista akawa anakula, analala, anamwamkia mpwa wake "mwangaluka" kila asubuhi, na mpwa anajibu "ya, ya." Nesi alisema hizo ndizo wiki alizofanya kazi ngumu kuliko zote tangu asomee unesi. Unauguza mtu na nchi yake.

Katikati ya Oktoba mpwa alitaka kuwafurahisha. Aliwachukua juu mlimani kwa lile behewa linaloning'inia kwenye waya. Chini kijijini kulikuwa na ukungu siku ya tatu, jua halijaonekana. Behewa likapenya katika ule ukungu, weupe mtupu pande zote, Sista kamshika Nesi mkono kwa nguvu, halafu ghafla wakatokea juu yake, juani. Ukungu wote ulikuwa umelala chini yao, umejaza mabonde mpaka upeo wa macho, umetulia, unameremeta, na vilele vya milima vimechomoza humo vyeusi vyeusi kama visiwa.

Nesi alipofika hapa aliacha kuchambua. Mikono ilitulia kwenye ungo.

"Binti Magodoro, sikiliza. Lilikuwa ziwa. Mimi mwenyewe mwenye akili zangu nililiona ziwa. Nilianza kutafuta Ukerewe ni kipi."

Sista alisema neno moja: "Nyanza." Akaanza kushuka. Walikuwa wamemkalisha kwenye benchi karibu na ukingo, pana uzio mdogo wa kamba, na kizee ambaye kwa wiki kadhaa hakutembea bila kushikwa aliinuka kama msichana, akanyanyua gauni lake kidogo mbele, kama wanawake wanavyofanya wakiingia majini, akavuka kamba. Mpwa alikuwa amekwenda kibandani kununua chai. Nesi alimkamata kiuno. Wakaanguka wote wawili kwenye majani. Hatua chache mbele mlima uliishia pale. Chini ni weupe.

"Niache, mayu, nina kiu. Nataka maji ya ziwa."

Alipigana naye. Alimkwaruza. Watu waliokuwa karibu wakaja mbio na hawakujua wamsaidie yupi. Na Nesi, amemkumbatia mwalimu wake, pua kwenye mvi zake, akamwambia kitu cha kwanza kilichomjia.

"Wewe kaa hapa upumzike. Nitakwenda mimi kukuchotea. Nakuja."

Sista akalegea. Akaketi. Akasubiri kwa utulivu kabisa. Nesi akazunguka nyuma ya kile kibanda, akajaza kikombe bombani, akarudi. Sista akanywa chote, akafuta mdomo kwa kiganja.

"Ya ziwa matamu," akasema, na akashukuru, "wabeja."

Novemba theluji ikaanguka na muda wa viza ukawa umekwisha. Walikuwa wameulizia kuongezewa, haikuwezekana. Mpwa na Nesi walikaa jikoni wakalia pamoja, kwa kile Kiingereza chao cha kuombea chumvi. Asubuhi ya kuondoka Sista alikuwa ameketi kitandani, amechanwa nywele. Akaliona koti, lile koti ambalo mpwa alikuwa amempa Nesi zawadi. Akaona begi.

"Unakwenda wapi, mayu?"

Hiki ndicho kipande kilichochelewa kuliko vyote kunifikia. Nilikuwa nimekaa kwake miaka mingi, tumeshazika watu pamoja, ndipo aliponiambia alichojibu.

"Nikamwambia ninakwenda ziwani kuchota maji. Nakuja."

Nikamuuliza, kwa ujinga wangu, kwa nini hakumwambia ukweli.

"Ningemwambia ukweli nikautegemeza wapi? Nilikuwa nimemjengea Usukuma mzima pale. Niubomoe mlangoni, halafu nimwache ndani ya kifusi?" Akaokota dagaa mwingine. "Alinipungia mkono. Kabisa, kama mtoto."

Alifika Mwanza akakuta vuli yetu imeanza, barabara ya Nyakato tope tupu. Wiki ile ile mpwa akapiga simu ya picha. Alikuwa amechoka. Shangazi hali vizuri. Kila asubuhi anatazama mlango na kuuliza neno moja, na yeye halijui. Akaishika simu karibu na kitanda ili Nesi asikie. Nesi alisikia: "Minzi?" Maji. Akapaza sauti, akamwita, akamwambia yuko njiani. Alichokiona kwenye kioo kilikuwa uso wa Sista ukihangaika kushoto na kulia, ukimtafuta aliyesema, mpaka ukajawa na hofu, mikono ikaziba masikio. Sauti bila mtu. Wakakubaliana wasirudie.

Alikufa kabla ya Krismasi. Mpwa alipopiga kusema hivyo, alisema pia jambo ambalo, nadhani, aliliona kuwa la faraja. Alisema alikuwa amejifunza lile neno. Alikuwa ameliandika kwa masikio yake, akamtafuta padri mmoja aliyewahi kukaa Tanzania akamweleza maana yake. Basi kila Sista aliposema minzi, yeye alimletea maji mara moja. Ila aliyakataa. Akiwa usingizini alinyweshwa kwa kijiko, lakini akiwa macho alikigusa kikombe kwa adabu, akakisukuma, akaonyesha mlango. Kuna mtu amekwenda kumchotea. Anamsubiri.

Basi ndiye huyo.

"Siyo mzimu," Nesi aliniambia. "Mzimu una kisa, unadai pombe, unadai mbuzi, unaupa unakwenda. Huyu hadai. Ananiita tu, kama vile niko chumba cha pili. Mayu. Nami naitika, ajue nimesikia."

Alikwenda kuungama, nalo hilo alilisimulia kwa hasira. "Padri alinisamehe kabla sijamaliza sentensi. Msamaha wa haraka haushiki, ni kama plasta kwenye ngozi yenye maji."

Wengi walimshauri. Fundi cherehani alisema Sista afanyiwe misa kule kule misheni, ng'ambo ya ghuba, ikafanyika, na Nesi akarudi kwa kivuko akiwa na furaha, na alipokuwa anafungua mlango akasimama. "Abee." Sote tulisikia alivyoitika. Mimi mwenyewe, nikiri, ilifika mahali nikawa nasikiliza. Nikiwa peke yangu pale nyumbani, jua la saa tisa, mapapai yametulia, nilikuwa nakaza sikio kwenye ule ukuta. Sikuwahi kusikia sauti. Lakini mara moja nilisikia ukimya wa namna ya mtu aliyetoka kusema, na nikaondoka nikaenda dukani nisikohitaji kitu.

Niliolewa, nikahamia Buzuruga. Baadaye niliacha kiwanda nikafungua duka la magodoro Mabatini. Nesi naye aliuza ile nyumba, goti lilikuwa limemshinda na wapangaji wapya walikuwa wasumbufu. Nilisikia anaishi kwa binamu yake mjini. Nilijiambia nitakwenda kumwona, unajua tunavyojiambia.

Mwaka jana mama mmoja wa Kihindi alikuja dukani kutaka godoro la mgonjwa, lile gumu la vipande, la mtu asiyeinuka. Lilikuwa la mama mkwe wake. Aliomba nikapime kitanda mwenyewe kwa sababu kilikuwa cha zamani, cha mbao, si saizi ya kawaida. Wanakaa katikati ya mji, ghorofa moja ya zamani juu ya maduka ya vitenge, hatua chache kutoka hekaluni. Tukapanda ngazi. Njiani akanieleza, kwa Kiswahili cha Mwanza kabisa, kwamba mama mkwe wake amesahau kila kitu.

"Kiswahili chote kimekwenda, dada. Na alikuwa anauza duka miaka yote hiyo, anabishana na Wasukuma bei mpaka wanacheka. Sasa ni Kigujarati tu, na chenyewe cha utoto wake, cha kijiji cha bibi zake. Mimi nashika neno moja moja. Mume wangu hata hilo hashiki."

"Nani anashinda naye?"

"Kuna mama mmoja. Alikuja kumfunga kidonda cha mgongo, kidonda kikapona, yeye akaendelea kuja."

Chumba kilikuwa na dirisha kubwa upande wa ziwa. Kitandani alilala kizee mdogo mdogo, sari nyeupe, mkono mmoja nje ya shuka. Kwenye kiti, amelipa kisogo lile dirisha, alikuwa ameketi Nesi. Alikuwa amepungua. Nywele zimekwisha kabisa weusi, na lile goti amelinyoosha mbele kama kitu cha mtu mwingine.

"Shikamoo, Nesi."

Alinitazama muda. "Marahaba. Binti Magodoro. Umenenepa."

"Biashara, Nesi."

"Usinidanganye, ni wali." Akacheka, na mimi nikacheka, na macho yakaniuma.

Nikapima kitanda. Yule mkwe akaenda kuandaa chai. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, futi mkononi, pale bibi alipofungua macho akaanza kusema. Ilikuwa sentensi ndefu, ya kupanda, yenye swali mwishoni. Alikuwa anamtazama Nesi usoni, na uso wake ulikuwa na wasiwasi wa mtu aliyeacha kitu jikoni. Nesi akamwinamia.

"Ndiyo, mama," akamjibu. "Ndiyo. Wote wamekula. Na mlango nimeufunga."

Bibi akasema tena, haraka zaidi, akashika kitambaa cha gauni la Nesi.

"Ndiyo. Atakuja tu. Barabara mbaya leo, lakini atakuja."

Aliyasema kwa Kiswahili, na mengine akayasema kwa Kisukuma, polepole, bila kupepesa. Hakuongeza sauti kama watu wanavyowaongezea wasiosikia lugha. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Vidole vikaachia gauni, vikateremka vikapata mkono wa Nesi, vikatulia humo. Pumzi yake ikawa ndefu. Nje wapiga debe walikuwa wanaita watu wa Kisesa.

Nikanong'ona. "Nesi, umejifunza Kigujarati?"

"Nitajifunzia wapi? Na umri huu?"

"Sasa anakuuliza nini?"

"Sijui, mwanangu," akasema, na hakuuondoa mkono wake. "Lakini ameniuliza mimi."